Riwaya Isiyo na Jalada

Wanaokuja kwangu kuuliza habari za ugonjwa huu huanza na maswali yale yale. Inauma? Nywele zilirudi? Mume alisemaje? Nikishayajibu huwapa na ushauri ambao hawakuniomba: beba riwaya. Tena si kitabu cha maana, kwa sababu cha maana kitakuchosha, na wewe una uchovu wako wa kutosha. Beba hadithi tamu, nyepesi, ya watu waliopendana, wakakosana, wakapatana. Hapo huniuliza yangu iliitwaje, nami hucheka, kwani sijui. Haikuwa na jalada.

Mimi ni Zuhura, fundi cherehani wa Bagamoyo mjini. Nashona sare za shule na madira, na ukiniletea kitambaa siku moja kabla ya Idi nitakufukuza bila haya. Ni miaka kadhaa sasa tangu siku niliyokuwa naoga nikagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, mfano wa kokwa ya ukwaju. Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Madaktari wapo na kazi hiyo wanaiweza. Nitaeleza yale ambayo wao hawana nafasi ya kuyasema, na mengi ya hayo yameshikana na ile riwaya.

Aliyeinunua ni mume wangu, Idd. Yeye ni seremala, na tangu alipomaliza shule sijawahi kumwona na kitabu mkononi. Siku ile alikwenda Kariakoo kutafuta bawaba za milango, akapita kwa muuzaji aliyetandaza vitabu chini, akamwambia mke wangu anaumwa, nipe kitu. Muuzaji akampa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, akamhakikishia kwamba ni kizuri kwa wagonjwa. Idd aliamini kabisa kuwa kuna vitabu vya namna hiyo, kama vile dawa ya kikohozi. Aliponikabidhi niliona kinaanza katikati ya sentensi, mtu fulani akimimina chai. Nikamwuliza, "Huu mwanzo uko wapi?" Akajibu, "Mwanzo wa nini, mama Salma? Wewe soma uende mbele."

Basi nikaenda nacho mbele. Dozi ya kwanza niliipata vuli ilipoanza kunyesha. Tuliondoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, tukapita Kerege watu wakiwa bado wanafungua maduka, tukafika hospitali Dar tukakuta benchi zimejaa mikoba. Usije ukashangaa: ile ndiyo foleni. Anayefika mapema huweka mkoba wake kwenye benchi, akaenda zake kunywa chai, na mkoba unasogea zamu kwa zamu, ukisukumwa na majirani waaminifu. Mimi nimeona mkoba ukiitwa jina na watu wakajibu, "Yupo, anakuja." Feni lilipuliza upande mmoja tu wa chumba, na kila aliyezoea pale alijua upande upi. Mgeni nilikuwa mimi, nikakaa kwenye joto na riwaya yangu.

Niliyekuwa naandamana naye ni mama yangu, Bi Tatu, aliyetoka kwake Mlingotini kuja kunilea kama mtoto mchanga. Mama akijua nimeyaandika haya atanuna, na sasa hivi ninavyoandika yuko hapa uani kwangu, anapepeta mchele na kumlalamikia jirani kwa sauti ya kutosha jirani asikie. Kurani anaisoma tangu utotoni, vizuri kuliko wengi, lakini herufi za shule hakuzipata. Kwa hiyo, dripu ikishaingia kwenye mshipa, yeye akijisogeza kwenye kiti cha plastiki, mimi nilimsomea.

Mnataka kujua riwaya ilihusu nini. Kwa kweli naikumbuka kidogo sana. Kulikuwa na msichana, Rehema au Rahma, aliyeishi kwenye mji wa milimani wenye baridi. Alikuwa na mchumba aliyesafiri, na kulikuwa na tajiri mwenye gari jeupe aliyemtaka, na mama wa kambo mwenye kununa. Kila baada ya kurasa mbili tatu mtu alimimina chai. Watu wote walikuwa na adabu, hata waovu. Mama alikuwa akiuliza, "Hivi hawa hawana kazi? Chai tu tangu asubuhi?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka nesi akaja kuangalia mshipa wake kama sindano haijatoka.

Ilikuwa nzuri. Sitaki mtu adhani naidharau. Ilipendeza ilipokuwa mkononi, na ukishaifunga ilikutoka yote. Nilikuwa nasoma nusu ukurasa nalala, nikiamka nasoma nusu ile ile tena na haikunikera hata kidogo, kwa sababu dawa zile zilikuwa zinanisahaulisha hata jina la uzi ninaoutafuta. Kitabu cha maana kingenitia aibu. Hiki kilinipokea kila mara kama vile ndiyo kwanza nafika.

Mwili nao ulikuwa na safari yake. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye mto, na Idd, bila kuniuliza, aliibadilisha foronya kila siku ili nisizione nyingi. Kucha zilikuwa nyeusi. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu, hata wali wa nazi ukawa kama nalamba chuma, na kitu pekee kilichopita ni embe bichi kwa chumvi. Kaskazi ilipokuja na joto lake nilishona nimekaa sakafuni, maana kiti kiliniumiza mifupa. Ramadhani ile sikufunga. Nilikula mchana jikoni kwangu, mlango nimeurudisha, na pamoja na kujua kwamba dini imeniruhusu, niliona haya mpaka machozi yalinitoka. Wewe unayepitia hayo leo, kula. Kula na mlango wazi ukiweza.

Uvimbe ulinywea kwa dozi zile. Daktari akafurahi, nami nikafurahi, mpaka aliposema sasa ndiyo wakati wa kuliondoa titi. Lote. Akasema tukichelewa, kilichonywea kitarudi na nguvu zake, na safari hiyo hatatuahidi kitu. Nikarudi nyumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na ushei, watoto nimezaa, na bado nililililia lile titi kama mtu wa kwetu anayezikwa.

Idd alisema, "Mimi nakutaka wewe uwe hai." Mama alikwenda kwa maalimu wa kwao Mlingotini, akaandikiwa kombe.

Kwa asiyejua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji safi, mgonjwa akanywa. Nimenyweshwa kombe tangu nilipokuwa na surua. Kwetu sisi hicho si kinywaji. Hakuna mtu Bagamoyo nzima ukimwuliza, "Umekunywa nini leo?" atakujibu, "Kombe." Hilo ndilo kosa letu, na kosa hilo ni letu wenyewe, sidhani kama kuna watu wengine wangeweza kulifanya.

Nililazwa siku moja kabla ya upasuaji. Nikaambiwa nisile wala nisinywe kitu mpaka nitoke chumba cha upasuaji. Nikatii. Asubuhi mama akaja na kombe lake kwenye chupa, tukasoma Fatiha, nikalinywa lote mpaka tone la mwisho, na chupa akaisuuza nikanywa na ile suuza. Nesi akaja na kitanda cha magurudumu.

"Umekula chochote?"

"Hapana."

"Umekunywa chochote? Hata maji?"

"Hapana," nikasema, na Mungu anajua nilikuwa nasema kweli.

Akanitazama mdomoni. "Mbona midomo ya njano?"

"Ni kombe hilo," akajibu mama kwa fahari. "Nimemletea mwenyewe."

Nesi alifumba macho. Baadaye nilijua kwamba ni mtu wa Pangani, kwa hiyo alijua vizuri anachoambiwa. "Bibi, amelinywa?"

"Si maji yale, mwanangu. Ni dua."

"Najua ni dua, bibi. Lakini imeshuka tumboni."

Wakamchukua mgonjwa wa kitanda cha jirani badala yangu. Daktari wetu alikuwa na safari, na vyumba vilikuwa vimejaa, kwa hiyo nikapewa tarehe nyingine, mbele huko, masika yakishaanza. Mama alikuwa anaokota kanga zetu anakunja, uso umemng'aa. Akaniambia mlangoni, "Umeona? Mungu mwenyewe amekikataa kisu."

Nami nikamwamini. Nawaambia ukweli huu bila kuupaka rangi, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Nikaenda naye Mlingotini kupumzika, titi langu likiwa mahali pake, na kila nilipolala nililishika nikaliambia tumepona.

Siku zikawa zinakwenda. Idd alikuwa anatoka mjini kuja kutuona, ameleta samaki, ameleta sukari. Mwanamume wa kwetu habishani na mama mkwe. Atamsalimia akiwa ameinamisha macho, atakaa nje ya mlango, atasema yake kwa mafumbo. Nilimsikia akijaribu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa nasema, mvua zikizidi njia itakuwa mbaya. Mtu akiwa na safari ya Dar ni afadhali ajiandae."

"Hapa hakuna mwenye safari," alijibu mama.

Idd alikaa pale barazani, akatoa msumeno kwenye mfuko wake, akaurekebisha mguu wa kitanda cha mama uliokuwa unalegea, akaaga akaondoka. Nilimtazama mgongo wake akienda na nikajua analia. Na bado sikumwita.

Riwaya ilikuwa imebaki kurasa chache. Mchana mmoja mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nami nikamsomea ili asiniulize kwa nini sisemi. Tulifika mahali ambapo yule Rehema amesikia kwamba mchumba wake amerudi, yuko mji wa chini, kapewa habari za uongo kwamba yeye kaolewa na tajiri, na kesho anaondoka moja kwa moja. Basi linasubiri nje. Rehema kakaa dirishani anatazama mvua. Anawaza. Ukurasa mzima anawaza. Akamimina chai.

Mama akaacha kukuna. "Mbona hanyanyuki huyu mtoto?"

"Anasubiri, mama."

"Anasubiri nini? Gari liko mlangoni. Nauli anayo. Miguu anayo. Nani kamfunga?"

"Anasubiri Mungu amfungulie njia, imeandikwa hapa."

"Njia gani tena? Basi lile kalileta nani?"

Nikaacha kusoma. Nikainua macho. Mama alikuwa ameshika nusu ya nazi, ananitazama, na nikaona ameshayasikia maneno yake mwenyewe. Kuku waliingia wakala chicha kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Tarehe yenu lini?" akauliza.

"Kesho kutwa."

"Idd anajua?"

"Anajua. Anakuogopa wewe."

Alifuta mikono kwenye kanga yake, polepole, kila kidole. Kisha akasema, "Mpigie simu mumeo. Mwambie mama anasema gari lije asubuhi."

Siwezi kusema riwaya ile iliniokoa. Mwandishi wake, Mungu amweke popote alipo, alitaka tu tumwonee huruma msichana mrembo penye mvua. Lakini kitabu cha hekima mama angekisikiliza kwa heshima, ameinamisha kichwa, na neno lisingemgusa. Kile kilikuwa chepesi kiasi kwamba aliweza kukigombeza.

Asubuhi ya safari aliniogesha mwenyewe uani, kama alivyoniogesha nilipokuwa mtoto. Alikuwa ameandikisha kombe jingine, na safari hii alimpigia kwanza yule nesi wa Pangani kuuliza, "Kupaka je?" Nesi akamwambia paka, bibi, kisha umwogeshe kwa sabuni. Akanipaka. Alipofika kwenye titi mkono wake ulitulia pale. "Limenyonyesha wajukuu zangu wote hili," akasema. "Halikunikosea kitu." Tukalia, halafu akaniogesha kwa sabuni.

Upasuaji wenyewe sikuuona, kwa hiyo sina la kuwasimulia. Niliamka na kiu, na upande mmoja umekuwa mwepesi. Nilitembea na chupa ya kutolea majimaji chini ya kanga, nikawa nawaambia watu nimebeba pochi. Siku ya kwanza ya kubadilisha bendeji nyumbani nilimfungia Idd mlango. Akabisha. Nikamwambia ondoka. Akasema kwa nje, taratibu, kwamba yeye ni seremala, mbao yenye kovu haijawahi kumtisha, na kama simfungulii atang'oa bawaba, kwani alizifunga mwenyewe. Nikafungua. Alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama bendeji ianzie juu au chini. Toka siku ile kazi hiyo ikawa yake. Kipupwe chote nilikwenda kwenye mionzi, ngozi ikawa nyeusi, ikachubuka, ikapona. Riwaya tuliimaliza huko. Nadhani walioana.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimerudi kazini sawasawa, nywele zimeota, laini kuliko za zamani. Mama akaja na kitambaa chake cha Idi. Kwa muda mrefu sasa alikuwa hataki nimpime. Alikuwa ananipa gauni la zamani nifuate kipimo chake, nami nikidhani ni uvivu wa uzee. Siku hiyo sikuliona gauni.

"La mfano liko wapi?"

"Leo nipime," akasema.

Nikachukua futi kamba, nikaizungusha kifuani kwake. Kabla sijaikutanisha akanishika mkono, akauingiza chini ya kwapa lake, akaubonyeza pale. Vidole vyangu vilijua kabla yangu.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla ya lako."

Nilimfokea. Sikuwahi kumpandishia mama sauti maishani mwangu, na siku hiyo nilimfokea mpaka wateja wakatoka nje. Nilimwambia kumbe Mungu aliyekikataa kisu alikuwa ni yeye na woga wake. Hakukataa. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja. "Siku ile ya kisu nilikuwa najisemea mwenyewe," alisema. "Kisha ukakatwa, nikasema nisubiri nione kama watu wanapona. Sasa nimeona." Hasira zangu zote zilikwisha hapo hapo. Nilipiga magoti mbele yake, nikamlalia mapajani. Nilimpigia Idd simu nikiwa bado chini.

Kwa hiyo tukarudi kwenye zile benchi, mimi sasa mwenyeji, nikamweka mama upande wa feni. La kwake lilikuwa la polepole, walisema, lakini lilikuwa limekaa mno, na hawakuficha kwamba wana wasiwasi. Nilikuwa na uhakika kwamba atapona, sijui niliutoa wapi, na niliushika kwa mikono miwili kwa ajili yetu sote. Mama aliuliza, "Kitabu umekuja nacho?"

"Kipi? Kile tumekwisha kukisoma."

"Wewe unakikumbuka?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi. Hata mimi."

Nilikuwa nacho kwenye mkoba, nilikichukua bila hata kujua kwa nini. Nikakifungua pale kinapoanzia, mtu anamimina chai, na mama akauliza kama hawa watu hawana kazi. Tulikuwa ukurasa wa tatu au wa nne, tajiri ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake, nesi alipotokea mlangoni akaita, "Bi Tatu!"

Nilianza kujibu kwamba yupo, anakuja. Mama alishasimama. Alijifunga kanga vizuri, akaniwekea kidole chake pale nilipoishia.

"Usiendelee bila mimi," akasema, akaingia.